MJADALA: Kanda ya zamani ya Tabora Jazz, niiachie mtandaoni au nisubiri warithi?

Mtoto wa Isevya (Tabora):
Wakuu, habari za jioni. Kwenye sanduku la marehemu baba mdogo nimekuta kanda ya Tabora Jazz aliyojirekodia mwenyewe kutoka redioni, enzi za RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Ubavuni kaandika kwa wino "Segere Matata", jina la mtindo wa bendi hiyo, basi, hakuna jina la wimbo wala la mpigaji. Kisponji cha ndani kilikuwa kimebanduka, ikabidi fundi afungue skrubu na kuhamishia utepe kwenye ganda la kanda ya mahubiri. Ikaimba! Utepe unavuta kidogo pale mwanzo, halafu gitaa la solo linaingia peke yake, la pili linalijibu, na waimbaji wanapokezana bila haraka yoyote. Wimbo mmoja umekatwa katikati na mtangazaji anayekaribisha taarifa ya habari.

Niliipiga saluni, vijana wakaniuliza hii bendi ni ya nchi gani. Wako Tabora hapa hapa, wameketi juu ya historia yao wananyolewa.

Nataka kuipandisha YouTube bure. Shangazi kagoma, anasema huo ni wizi. Mnaonaje?

Bangwe Ziwani (Kigoma):
Pandisha, mkuu, unasubiri nini? Ila kwanza tuwekane sawa. Shem Karenga, mwanamuziki wa Tabora Jazz mnayejivunia hapo, ni mzaliwa wa Bangwe, alianzia Lake Tanganyika Jazz hapa Kigoma ndipo akapanda treni kuja kwenu. Wimbo wao "Dada Asha" aliutunga yeye. Tabora mlitoa ukumbi tu 😂

Kwenye hoja sasa. Santuri za wakati ule nyingi zilikuwa zinatengenezwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Zunguka Ujiji nzima leo utafute santuri moja inayopigika. Kilichobaki ni hizi kanda za chini ya kitanda, na kila masika zinaota ukungu. Ukisubiri ruhusa utapandisha mlio wa utepe mtupu.

Mama Gongoni:
Mwanangu wa Isevya, msikilize shangazi yako. Baba yangu alipiga besi kwenye bendi moja ya mkoa huu, siitaji. Nyimbo zao zimejaa huko mtandaoni, aliyeziweka hatumjui. Picha aliyobandika ni ya bendi nyingine kabisa, ya watu wenye suti nyeupe. Tangazo la sabuni linatangulia, ndipo baba aanze kupiga. Kwenye maoni watu wanaulizana "huyu wa besi ni nani?" na mtu anajibu kwa uhakika kabisa jina lisilo lake. Mzee alikuwa hai bado, tukamsomea. Alicheka, akaomba chai.

Hiyo "bure" yenu kuna mtu analipwa. Si sisi.

Msomaji Kitete:
Tutenganishe mambo mawili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mzee Karenga alifariki 2014, kwa hiyo tungo zake ni mali ya warithi mpaka mwisho wa 2064. Rekodi ni haki nyingine, nayo ina miaka yake 50. Kwa hiyo unaweza kukuta rekodi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 muda wake umeshaisha ilhali utunzi uliomo bado una mwenyewe. Kanda kuwa ya baba mdogo hakukupi haki juu ya kilichomo.

Bangwe Ziwani (Kigoma):
2064! Kaka, utepe huo hauoni hata 2030.

Msomaji Kitete:
Sijasema usinakiliwe. Nakili leo, weka nakala hata tatu. Kuokoa wimbo ni jambo moja na kuutangaza ni jingine. Mnayachanganya makusudi.

Fundi Kanda (Ng'ambo):
Naongea kwa upande wa mashine. Kurekodi toka redio za masafa ya kati kunakula besi na kunakula matoazi, kwa hiyo hao vijana wa saluni wamesikia nusu ya bendi. Mikanda mama ya RTD ilibaki kwa TBC, shirika la utangazaji la taifa lililorithi RTD. Makelele haya tungeyapeleka huko, badala ya kugombania nakala iliyokatwa na taarifa ya habari.

Mtoto wa Isevya (Tabora):
Fundi, hilo nakubali, lakini anayesubiri TBC na anayesubiri warithi wote wanasubiri. Mimi naona kosa kubwa kuliko yote ni wimbo kwenda bila majina. Mama Gongoni, shikamoo. Nikitafuta kwanza majina ya wapigaji wote, nikaandika kila mmoja alipiga nini, na nisiruhusu matangazo ya biashara, bado utakataa?

Fundi Kanda (Ng'ambo):
Matangazo si juu yako, bwana mdogo. Tangu 2020 YouTube wanaweza kuyaweka hata kwenye chaneli isiyolipwa chochote.

Mama Gongoni:
Marahaba. Umesikia mwenyewe, sabuni itarudi. Basi isiende huko. Ipelekwe redio ya hapa mjini, Jumapili mchana, wazee waliobaki wapige simu watajane. Mtu akisikia gitaa lake atalijua, na majina hayo unayoyatafuta utayapata siku hiyo hiyo. Baada ya hapo ndipo muwafuate warithi, mkiwa na orodha mkononi. Saa hizi hata mkitaka kuomba ruhusa hamjui mlango wa kubisha.

Bangwe Ziwani (Kigoma):
Wazo zuri, mama. Ila redio zenu hazifiki huku, na nusu ya wapigaji wenyewe walitoka huku. Hao nao wapige simu kwa kuhisi?