Mkia wa gari unafyatuka baada ya mizunguko kumi Martinsville: nirekebishe nini?

Dereva wa Jinja

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninacheza NASCAR Racing 2003 Season, mchezo wa zamani wa kompyuta wa mbio za magari za Marekani ambao kompyuta yangu kuukuu bado inaumudu, na nimekwama katika uwanja wa Martinsville. Mizunguko kumi ya kwanza gari hutii usukani bila shida, lakini baada ya hapo, kila ninapotoka kona ya pili na kukanyaga mafuta, mkia hufyatuka kuelekea nje, na mara nyingi najikuta nimegeukia nilikotoka. Juzi nilikaza springi za mbele, nikaongeza weji (uzito unaobebwa kwa mshazari), kisha nikaongeza upepo katika matairi yote manne. Mkia umetulia kidogo, ila sasa gari limegoma kukata kona: nazungusha usukani na pua inazidi kwenda ukutani. Je, nimekosea wapi?

Fundi Mstaafu, Kampala

Mwanangu, kosa lako ni lile lile tulilokuwa tukiwakanya vijana wa gereji kule Kisekka: umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hivyo hujui kipi kimetibu na kipi kimedhuru. Rudisha mpangilio wa awali, halafu jiulize ugonjwa unatokea sehemu ipi ya kona, kwa maana kuingia, katikati na kutoka, kila kimoja kina dawa yake.

Springi ngumu za mbele huipunguzia pua uwezo wa kushika barabara, ndiyo maana gari limegoma. Weji ni jambo jingine. Hiyo ni sehemu ya uzito wa gari inayobebwa kwa mshazari na tairi la mbele kulia pamoja na la nyuma kushoto. Ukiiongeza, tairi la nyuma kushoto hukandamizwa zaidi barabarani, na unapokanyaga mafuta, matairi mawili ya nyuma husukuma kwa pamoja badala ya la kulia kuhangaika peke yake. Mkia hutulia, lakini pua huwa nzito. Kumbuka pia kwamba pale kona zote ni za kushoto na uzito hutupwa kulia, kinyume kabisa cha taksi yetu inapozunguka kipilefti, ambapo abiria wote humlalia aliyekaa dirisha la kushoto. Kona za Martinsville zina mwinamo wa nyuzi 12 tu, kwa hiyo barabara yenyewe haikubebi kama inavyokubeba katika uwanja wa Daytona, penye nyuzi 31. Ongeza weji kidogo, usiguse kingine, kisha endesha mizunguko ishirini kabla hujahukumu.

Mkesha, Gulu

Kwa heshima zote, Mzee, weji itamsaidia, lakini ugonjwa unaosubiri mizunguko kumi sidhani kama umezaliwa huko, kwa sababu weji aliyoiweka gereji ni ile ile katika mzunguko wa kwanza na wa kumi. Kinachobadilika ni matairi.

Ndugu yangu, ukisimama tu, ingia gereji usome joto la tairi la nyuma kulia. Utaona vipimo vitatu: ndani, katikati na nje. Katikati pakiwa na joto kuliko kingo zote mbili, upepo umezidi, na tairi linagusa barabara kwa tumbo lake tu. Upepo huongezeka kadiri tairi linavyopata joto, hivyo kipimo kinachofaa likiwa baridi huwa kimepita kiasi baada ya mizunguko michache. Nawe ndiko ulikokimbilia kuongeza! Mtuhumiwa wa pili ni mguu wako. Ukikanyaga mafuta usukani ukiwa bado umekunjwa, tairi huzunguka bure na kuungua. Mimi nililaumu springi miezi miwili, hadi nilipotazama marudio ya mbio zangu na kuona moshi.

Dereva wa Jinja

Ahsanteni sana. Jaribio la kwanza liliishia mzunguko wa 17 umeme ulipokatika, jambo ambalo nakiri halikuwa kosa la weji. Jana usiku nilirudia nikiwa na mpangilio wa awali, na kweli katikati ya tairi la nyuma kulia palikuwa na joto kuliko kingo. Nilipunguza upepo wa tairi hilo peke yake, na mkia ukaanza kucheza mzunguko wa 22 badala ya wa 11. Ndipo nikaongeza weji kidogo, nikajilazimisha kusubiri usukani unyooke kabla ya kukanyaga mafuta hadi mwisho. Sasa namaliza mizunguko 40, ingawa gari linagoma kidogo katikati ya kona ya tatu. Je, niguse ile nondo inayoshika ekseli ya nyuma?

Fundi Mstaafu, Kampala

Iguse, lakini polepole. Ukiiinua, mkia hulegea na pua hukata kona kwa urahisi. Ukiishusha, mkia hutulia. Wewe inua kipimo kimoja tu, na ukiandike kwenye daftari kabla hujarudi uwanjani, maana saa saba za usiku hutakumbuka ulikianzia wapi.