Naomba ushauri: marejea kwenye shamba la mahindi lenye kiduha

Mwana_Muheza: Habari zenu wakuu. Nina eka mbili za mahindi huku Muheza, Tanga, na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kimenizidi nguvu. Ni kile cha maua mekundu. Mahindi yakifika magotini yanadumaa, majani yanakuwa manjano na kunyauka hata mvua ikiwa inanyesha. Kung'oa tumeng'oa sana, kila masika kinarudi. Bwana shamba kanishauri nipande marejea, ule mmea wa kurutubisha udongo, na mbegu nimeshapata. Shida ni mama yangu, hataki hata kuisikia, anasema ni sumu na nyumbani tuna ng'ombe wa maziwa na mbuzi. Nichanganye na mahindi au nipumzishe shamba? Nikate lini? Na hilo la sumu lina ukweli?

Mzee_wa_Songea: Kijana wangu, huku Ruvuma marejea tunaijua vizuri. Padri Gerold Rupper wa Peramiho aliihimiza sana kwa wakulima. Usipumzishe shamba lote, mtakula nini? Panda mahindi kwanza, maliza palizi ya kwanza, ndipo usie marejea katikati ya mistari. Ukiipanda siku moja na mahindi itayafunika, maana inarefuka kupita mtu. Mbegu ni ndogo, changanya na mchanga mkavu ili isianguke mafungu mafungu, kisha fukia juu juu tu. Mwanzoni inakua polepole, usikate tamaa. Ukishavuna mahindi iache ijae shamba, na maua ya njano yakianza kuchanua, fyeka. Ukingoja maganda yakauke mpaka mbegu zinacheza ndani kama kayamba, umechelewa: shina limekuwa kuni na rutuba imehamia kwenye mbegu.

Ugani_Moro: Mzee kasema vyema, ila kwa Muheza mimi ningefanya tofauti. Ruvuma wana msimu mmoja wa mvua, nyinyi mna vuli na masika. Vuli weka marejea tupu, ifyeke ikitoa maua, masika mahindi yakute majani yameshaoza. Hapo hupotezi chakula cha mwaka.

Sababu ya kiduha kukushinda ni kwamba mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri. Haziamki mpaka zihisi majimaji ya mizizi ya mahindi, mtama au uwele. Mizizi ya marejea nayo huziamsha, ila zikishaota hazipati pa kunyonya, zinakufa. Kwa hiyo usitegemee msimu mmoja utamaliza kazi. Na kile kitakachoota kwenye mahindi endelea kuking'oa kabla hakijatoa maua, la sivyo unajaza tena ghala la mbegu.

Jambo jingine: marejea ikiwa na wiki kadhaa, chimbua mche mmoja taratibu, osha mizizi, utaona vinundu. Pasua kimoja kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi, bakteria wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani iwe mbolea.

Nyanya_Kakamega: Jamani, sumu gani tena? Huku kwetu hiyo ni mboga, tunaita mitoo, sokoni haikosi. Tunachuma majani machanga, tunachemsha na mrenda kwa munyu wa kienyeji. Ina uchungu kidogo lakini ukiizoea huachi.

Daktari_wa_Mifugo: Dada wa Kakamega yuko sahihi, na mama wa mwenye uzi naye hakosei. Marejea ni jamii moja kubwa yenye spishi mamia, nyingi ziko hapa Afrika. Zinazoliwa ni chache, na ni majani machanga yaliyopikwa. Nyingi kati ya hizo nyingine zina alikaloidi, yaani sumu za asili za mmea, zinazoharibu ini, na mbegu ndizo mbaya zaidi. Madhara hayaonekani siku hiyo hiyo. Mnyama anakonda taratibu, na ukija kushtuka ini limeshaharibika. Mkuu, usilishe mifugo yako marejea, na mbegu zisichanganyike kabisa na chakula cha kuku. Wala msichume porini kila mmea wenye maua ya njano mkadhani ni mboga.

Mwana_Muheza: Nawashukuru sana wakuu. Maneno ya daktari nimemsomea mama, ameridhika kidogo. Nitafuata njia ya vuli, kuanzia upande ulioathirika zaidi. Swali la mwisho: mbegu za msimu ujao nizipate wapi kama nafyeka yote?

Mzee_wa_Songea: Acha mstari mmoja ukingoni, upande ambao mbuzi hawapiti. Chunguza maganda, kuna viwavi wanaotoboa na kula mbegu ndani. Maganda yakianza kukauka vuna asubuhi kabla jua halijawa kali, maana mchana yanapasuka na mbegu zinamwagika. Pigapiga juu ya turubai, pepeta, hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, na mwambie mama yako kimewekwa wapi.