Fizi za mke wangu zinatoka damu akipiga mswaki, mama mkwe anasema aache kwanza. Ni sawa?

BabaTabata
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hasa kwa wanaojua mambo ya meno. Wife ana ujauzito wa miezi mitano, sasa kama wiki tatu hivi kila akipiga mswaki akitema povu linakuwa la pinki, juzi alikuwa anakula hindi la kuchoma akaniita nione, pale alipong'ata kuna damu kabisa kwenye punje. Fizi zile ncha za katikati ya jino na jino zimevimba, nyekundu, zinang'aa, ila anasema haziumi. Mama mkwe yupo kwetu kaja kumwangalia mwanae, yeye kasema aachane na mswaki mpaka zipone, asukutue maji ya chumvi tu, na hospitali ya meno asubiri ajifungue. Ni mama yangu siwezi kumbishia kitu nisichokijua. Mimi mwenyewe navuta sigara tangu 2009 na sijawahi kuona damu hata siku moja kwahiyo sielewi hii inatokana na nini. Nimnunulie vidonge vya vitamini C?

MamaZuu
Pole shemeji. Mimba yangu ya pili ilikuwa hivyohivyo, mpaka kikaota kinyama kidogo chekundu kati ya meno mawili ya mbele nikalia nikajua ni kansa, daktari akaniambia ni mambo ya ujauzito kitaisha, na kweli nilipojifungua kikasinyaa chenyewe. Ila mswaki asiache jamani, mimi niliacha wiki moja tu ikawa balaa zaidi, na mdomo unanuka.

TabibuKinywa
Mkuu hii ndo kazi yangu, nina miaka 11 kwenye kiti cha meno, ngoja nieleze kidogo maana hili la kuacha mswaki nakutana nalo kila wiki na linaniuma sana.

Damu haitoki kwa sababu ya mswaki. Inatoka kwa sababu kuna utando umekaa pale jino linapoingia kwenye fizi, ule ulaini mweupe ukikwangua kwa kucha unaona unanata kuchani. Ule ni bakteria watupu, fizi inapigana nao ndo maana inavimba na kujaa damu, ukigusa tu inavuja. Sasa ukiacha mswaki si unawaachia shamba? Mwaka 1965 kule Denmark mtaalamu mmoja Harald Löe alichukua watu 12 wenye fizi nzima wakaacha kabisa kusafisha meno, ndani ya siku 10 mpaka 21 wote 12 fizi zikavimba, waliporudia kusafisha zikapona ndani ya kama wiki. Kwahiyo mkeo akipiga mswaki vizuri damu inaweza kuongezeka siku za mwanzo, asiogope, aendelee.

Ujauzito hauleti utando, ila homoni zinafanya fizi iwe na hasira, utando kidogo tu inavimba sana. Vitamini C ale machungwa na mapera kawaida, vidonge havitoi utando. Chumvi nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu inatuliza, mama hajakosea hapo, ila haibandui kitu.

Mswaki uwe laini, aulaze kidogo nusu uguse jino nusu uguse fizi, azungushe taratibu, dakika mbili, asubuhi na usiku kabla ya kulala, dawa yenye floraidi. Kati ya meno mswaki haufiki, apitishe uzi wa meno au vile vibrashi vidogo. Mkaa na majivu hapana, vinakwangua jino. Na kusafishwa meno hospitali mjamzito anaruhusiwa, hii miezi ya katikati ndo mizuri kabisa, aseme tu mapema kwamba ni mjamzito.

Sasa wewe mkuu. Wewe ndo umenitia wasiwasi kuliko mkeo. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi, kwahiyo mvutaji fizi zinaweza kuwa zinaoza chini kwa chini na damu haitoki, anajiona mzima. Jiangalie kwenye kioo kesho asubuhi: meno yameonekana kuwa marefu kuliko zamani? Kuna nafasi kati ya meno ambayo haikuwepo? Ukibonyeza fizi inatoka usaha? Kuna jino linacheza?

MzeeWaKorogwe
Kijana wangu msikilize huyo tabibu. Mimi nilikuwa mvutaji halafu nina sukari, fizi hazikuwahi kuniuma wala kutoka damu ya maana, siku moja nakula wali na maharage nikasikia kitu kigumu nikadhani jiwe, kumbe ni jino langu zima na mzizi wake, halina hata tundu. Yalifuata mengine manne. Ndo naambiwa kumbe mfupa unaoshika meno ulishaliwa zamani, na sukari na fizi vinachocheana, fizi mbovu zinapandisha sukari na sukari inaharibu fizi. Sigara nimeacha, yaliyobaki nayatunza.

BabaTabata
Shikamoo mzee wangu, nimesikia. Tabibu nimejiangalia leo, damu hakuna lakini nyuma ya meno ya mbele ya chini kuna kitu kigumu cha njano kama chokaa, na haya ya chini ni kweli yamekuwa marefu. Ila jamaa kazini anasema wakikutoa hicho kitu meno yanalegea na yanaachana, ni kweli?

TabibuKinywa
Hicho ni ugaga. Utando usipotolewa unashika madini ya mate unakuwa mgumu, na hapo nyuma ya meno ya chini ndo mate yanapotokea kwahiyo unaota haraka, mswaki hauutoi tena. Jamaa yako anaona nafasi baada ya kusafishwa anadhani imetengenezwa siku ile, nafasi ilikuwepo, ugaga ulikuwa umeijaza, na jino lilishalegea mfupa ulipoliwa. Nenda na mkeo siku moja.

Meru_Kid
Mimi kwetu Arusha meno yetu yana rangi ya kahawia, hiyo nayo ni ugaga?

TabibuKinywa
Hapana, hiyo ni floraidi nyingi ya maji ya huko tangu utotoni, iko ndani ya jino na haihusiani na fizi. Usijikwangue.

BabaTabata
Wakuu mrejesho. Tumeenda jana. Mke wangu kasafishwa nusu saa, wamesema ni juujuu mfupa haujaguswa, leo asubuhi povu karibu jeupe. Mimi daktari kaingiza kati ya jino na fizi kifimbo chembamba chenye alama za milimita kupima kina, kila jino anamtajia nesi namba, mbili, tatu, tatu, nilikuwa natulia, kufika magego ya chini nikasikia tano, tano, sita. Kumbe milimita 1 mpaka 3 ndo kawaida. Natakiwa kusafishwa kwa ganzi mpaka kwenye mizizi mara mbili na kurudi kupimwa baada ya miezi mitatu, sigara niache, leo siku ya pili sijagusa. Mama mkwe nilimsomea haya yote akanyamaza, usiku akaniambia na yeye ana jino la chini linacheza mwaka wa pili anajua ni uzee. Nimpeleke?

TabibuKinywa
Mpeleke wiki hii. Uzee peke yake hauchezeshi jino. Na kama anatumia dawa za presha abebe maboksi yake, kuna aina zinavimbisha fizi, daktari atataka kuziona.