Besi langu linavuma, halingurumi: nianze na pikapu au priampu?

BesiLangoni (Lamu)

Assalamu alaykum wenzangu wa nyuzi. Nina mwaka wa tatu napiga gitaa la besi kwenye kikundi chetu hapa Langoni. Kazi zetu ni harusi, taarab na chakacha, na mara mojamoja hoteli kule Shela. Gitaa langu ni la mtindo wa Jazz Bass, si la kampuni ya Fender yenyewe, ni nakala niliyoinunua Mombasa kwa mtu, shilingi 14,000. Lina pikapu mbili (zile sumaku chini ya nyuzi zinazonasa sauti), volyumu mbili na toni moja. Halitumii betri.

Shida yangu ni hii: linavuma, lakini halingurumi. Nikiwa chumbani kwenye ampu ndogo ya rafiki yangu, uzi wa A nikiukwanyua unatoa ile sauti ya kifuani, kama mashine ya boti inayopunguza mwendo ikikaribia gati. Nikifika harusini, spika zishashushwa kwenye punda, nikichomeka kwenye miksa, ile sauti siioni tena. Inabaki dum, dum, dum. Ijumaa iliyopita mpiga kinanda wetu aliniambia waziwazi kwamba hasikii noti yangu, anasikia sakafu ikitikisika tu. Mkono wake wa kushoto ukaanza kupiga besi juu ya besi langu. Liliniuma, sitaficha.

Kwenye miksa tumeinua besi na treble, na ya kati tumeishusha, kwa sababu tuliambiwa ya kati ndiyo inayoleta kelele. Nyuzi ni za tangu Ramadhani ya mwaka jana. Nimeweka akiba shilingi 18,000. Ninunue pikapu mpya au priampu, kile kifaa cha kukuza na kurekebisha sauti kabla haijafika kwenye miksa? Sina pesa ya kukosea.

Mwanachakacha

Kaka, chukua priampu. SansAmp Bass Driver au nakala yake yoyote nzuri. Ina kitufe cha kuongeza ukali na kingine cha kuchanganya sauti safi na ile iliyokwaruzwa, kwa hiyo unapata mngurumo bila kupoteza uzito wa chini. Mimi tangu niwe nayo sijali nimekutana na miksa gani.

FundiMaweni (Malindi)

Waalaykum salaam, mwanangu. Usinunue kitu bado.

Nimepiga besi kwenye hoteli za huku Malindi miaka kumi na tisa, enzi ambazo hoteli ya ufukweni bila bendi haikuitwa hoteli. Sasa vidole vimechoka, natengeneza ampu na redio hapa Maweni. Jibu lako umeliandika mwenyewe: chumbani linanguruma, harusini halingurumi. Gitaa ni lilelile, nyuzi ni zilezile, mkono ni uleule. Kilichobadilika ni mahali unapochomeka waya.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa kwenye koili. Koili ina tabia yake: mawimbi ya chini huyapitisha kwa urahisi, na kadiri mawimbi yanavyopanda ndivyo inavyoyapinga. Ukiipima kwa mita koili ya Jazz Bass utasoma omu elfu 7 au 8, lakini wimbi la hertzi 1,000 likipita humo hukuta upinzani wa omu elfu 20 na zaidi. Sasa mlango wa laini kwenye miksa nyingi una omu elfu 10 hivi. Pikapu yako dhaifu inabebeshwa mzigo isiouweza. Mvumo wa chini unafika kwenye spika, nyama ya katikati inabaki njiani. Ampu ya gitaa mlango wake ni kama omu milioni 1, hailemei pikapu hata kidogo, ndiyo maana kule chumbani ulisikia utamu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni boksi la DI, kijisanduku kinachokaa kati ya gitaa na miksa, lenye betri au linalovuta umeme wa miksa kupitia waya wa maikrofoni. Gitaa linaingia kwenye mlango mpana, miksa inapata ishara iliyo tayari kwa safari. Yale yasiyo na betri nayo yanafaa kuliko kuchomeka kavu, ila kwa gitaa kama lako mimi huchukua lenye betri. Priampu ya mwenzetu hapo juu inafanya kazi hiyohiyo, na nadhani nusu ya raha anayoisifu inatoka kwenye mlango wake tu. Sikatai ukwaruzaji wake, ni mzuri. Lakini priampu hukuza kilichofika. Kilichokufa kwenye waya haitakifufua.

La pili ni volyumu zako mbili, na hapa nakuomba usome polepole. Naamini unazifungua zote hadi mwisho, kila mtu hufanya hivyo. Pikapu ya shingoni na ya darajani zinausikiliza uzi mmoja mahali pawili tofauti. Kuna mawimbi ambayo kwa wakati mmoja yanapanda pale na kushuka hapa, na ukizichanganya sawasawa yanauana. Mengi ya yanayokufa ni ya katikati. Sauti inakuwa pana na safi, nzuri kwa kupiga kwa kidole gumba, lakini mngurumo umeondoka. Fungua ya darajani yote, halafu ya shingoni irudishe nyuma kidogo kidogo huku unapiga noti ileile. Kuna mahali, kama robo hivi kutoka juu, uzi utaanza kusema. Alinionyesha hivyo mpiga besi kutoka Kongo aliyekaa nasi msimu mmoja, na ile jioni niliona nimepoteza miaka minne na gitaa ambalo sikulijua.

Jaco Pastorius, yule Mmarekani aliyepiga Jazz Bass ya mwaka 1962 iliyong'olewa fureti (vile vipande vya chuma vya shingoni), aliegemea sana pikapu ya darajani, akatumia nyuzi za Rotosound zenye mikwaruzo (zilizozungushiwa waya wa duara, si laini kwa kidole), na mkono wa kulia aliuweka nyuma karibu na daraja. Usione nafasi ni jambo dogo. Miaka ya 1970 Fender waliisogeza pikapu hiyo kama sentimita 1 tu kuelekea darajani, na mpaka leo wapigaji wanazitofautisha Jazz Bass za miaka ya 1960 na za 1970 kwa masikio.

La tatu, rudisha ya kati. Uzi wa E ukiwa wazi ni hertzi 41. Spika za harusi haziwezi kuitoa hertzi 41 kwa heshima, zinatikisika tu. Sikio linaijua noti kwa matawi yake, yaani mawimbi ya juu yanayozaliwa pamoja nayo: 82, 123, 164 na kuendelea juu. Mngurumo wenyewe kwa sikio langu unakaa baina ya 250 na 800. Mmeshusha palepale unapoishi, mkainua pale spika isipoweza. Mpiga kinanda wako hakukuonea, mwanangu. Hakusikia noti kwa kuwa haikutoka.

Nyuzi: za tangu Ramadhani ya mwaka jana, kwa hewa ya chumvi ya Lamu, hizo ni kamba. Nunua zenye mikwaruzo, za chuma ukitaka makali, za nikeli ukitaka ukali wenye adabu. Hela ikikaba, zitoe uzichemshe dakika kumi, uzikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha. Uchafu utatoka na zitang'aa siku chache, kutu haitoki. Tumia maji matamu, si ya kisima cha uani.

Miksa_Shela

Mzee wangu kasema kweli. Naongeza moja kabla hujatoa hata senti: tazama njia ya kwanza ya miksa yenu. Miksa nyingi ndogo zina kitufe kilichoandikwa Hi-Z au chenye picha ya gitaa. Ukikibonyeza, mlango unapanuka kama huo wa ampu. Kama hakipo, nina boksi la DI hapa Shela, njoo ulichukue ujaribu harusi moja, unirudishie.

UdiMkomani (Lamu)

Nami niseme kidogo, kwa heshima. Nimekulia kwenye udi, nikimsikiliza Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu yetu hii. Hiyo 250 mpaka 800 anayoitaja fundi ndipo udi unapozungumza. Besi likinguruma muda wote, udi unageuka kuwa mikwaruzo ya pembeni na mashairi hayasikiki. Chakacha nguruma upendavyo. Wimbo wa polepole ukianza, tuachie nafasi.

FundiMaweni (Malindi)

Nakubaliana nawe kabisa, na hilo halihitaji gitaa jingine. Wimbo wa polepole: fungua volyumu zote mbili sawa, punguza toni nusu, sogeza mkono wa kulia mpaka karibu na mwisho wa shingo, piga kwa nyama ya kidole. Chakacha ikiingia: rudisha ya shingoni robo, toni wazi, mkono nyuma. Ni sekunde mbili.

BesiLangoni (Lamu)

Nimerudi. Ami, Mungu akupe umri.

Kitufe cha Hi-Z hakikuwepo, nikavuka Shela nikachukua boksi la dada, na nyuzi mpya za nikeli zilikuja na basi mpaka Mokowe. Jana ilikuwa harusi ya jirani yetu. Wakati wa kupima sauti tulipandisha ya kati, nikarudisha volyumu ya shingoni kama ulivyosema, nikapiga uzi wa A mara moja. Mpiga kinanda aligeuka akanitazama. Chakacha ilipoanza aliuondoa mkono wake wa kushoto, akauweka pajani, hakuurudisha mpaka mwisho. Kwa wimbo wa polepole nilifungua zote mbili, na mzee wetu wa udi alitikisa kichwa kwa ridhaa.

Nimebaki na maswali mawili. Nikirudisha ya shingoni kunatokea mlio wa umeme, mmm, hasa karibu na jenereta na taa za rangi, zikiwa sawa mlio unapotea. Na volyumu moja inakwaruza ninapoizungusha. Sasa ndiyo nibadilishe pikapu?

FundiMaweni (Malindi)

Bado. Umenifurahisha sana mwanangu, hasa huo mkono wa pajani.

Mlio: hizo pikapu ni za koili moja moja, na moja imezungushwa kinyume cha mwenzake, sumaku nayo kinyume. Zikiwa sawa, kelele za umeme zinafutana. Ukipunguza moja, kelele inarudi kwa kiasi ulichopunguza. Punguza kidogo, usizidishe robo, na simama mbali na jenereta. Kisha fungua gitaa, vyumba vya pikapu na cha vitufe uvipambe kwa karatasi ya shaba yenye gundi, kila kipande kigusane na kingine, ulehemu waya mmoja kutoka kwenye shaba hadi kwenye ardhi (upande wa kutuliza umeme) ya jeki, pale unapochomeka waya. Haitaua mlio wote, utapungua vya kutosha.

Kukwaruza ni chumvi imeingia kwenye volyumu. Puliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme, izungushe mara thelathini. Ikikataa, badilisha, omu elfu 250, bei yake ni ya soda chache.

Ile 18,000 toa ya boksi la DI lako mwenyewe, umrudishie dada lake. Ukifungua gitaa, piga picha ya nyaya zote uniwekee hapa kabla hujagusa chuma cha kulehemu. Nataka kuona ardhi imefungwa wapi.