Naomba ushauri: mdogo wangu anatumia methadoni, lakini sasa ameanza pombe

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Mdogo wangu, mwenye miaka 29, aliacha heroini, na kwa miezi minane sasa anakwenda kila asubuhi kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, katika kliniki ya Temeke, nauli tukichangiana nyumbani. Arosto (maumivu ya kukosa heroini) imekwisha na mwili umerudi. Tatizo ni mchana: hana kazi, anashinda kijiweni kulekule Mbagala na wenzake wa zamani, na tangu mwezi uliopita anarudi amelewa. Methadoni haitibu uraibu wa pombe, na viwili hivyo vikichanganyika vinaweza kudhoofisha upumuaji hadi mtu akafa usingizini, ndiyo maana silali. Mshauri wa kliniki ameongea naye, na shehe wa mtaani pia (kwa upole, namshukuru), lakini alitulia wiki moja tu.

Je, kuna nyumba ya upataji nafuu (sober house, wanakokaa waraibu wanaoacha) hapa Dar es Salaam inayompokea mtu anayeendelea na methadoni, bila kumtaka aiache kwanza? Na aliyewahi kuhudhuria vikundi vya waraibu walioacha, upande wa Temeke, anielekeze vinapokutania, na kama ndugu tunaruhusiwa kumsindikiza.