Tupeane uzoefu: kilomita ni zilezile, mbona saa zinatofautiana?

Wakuu salaam.

Nimesafiri London hadi New York na kurudi, kilomita kama 5,550 kila upande. Kwenda tulikaa angani karibu saa nane. Kurudi hata saba hazikufika. Rubani alitueleza kuwa ni upepo. Juu huko, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, kuna mkondo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukielekea mashariki unakusukuma, ukielekea magharibi unapambana nao. Februari 2020 ndege moja ya abiria ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56 tu, ikisukumwa na dhoruba! Kwa hiyo kuchukua kilomita ukagawa kwa 900, yaani mwendo wa ndege kwa saa, hakutoshi. Wewe ulitoka wapi kwenda wapi, na ulitumia muda gani?

Kiti cha Dirishani: Mkuu, usisahau na njia yenyewe. Nilikuwa nasafiri Helsinki–Tokyo kikazi, saa tisa na nusu hivi. Tangu anga ya Urusi ifungwe kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari hiyohiyo inakaribia saa 13, kwa sababu ndege inazunguka, wakati mwingine kupitia karibu na Ncha ya Kaskazini. Miji haijasogea hata hatua moja, lakini mwili wangu uliihisi tofauti, hasa miguu.

Mama Safari: Mimi kilichonichanganya ni tarehe. Niliondoka Tokyo saa 11 jioni, nikatua Los Angeles saa 5 asubuhi, siku ileile! Nilikuwa nimekaa angani saa kumi. Tulivuka mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki, ule wa kwenye ramani ambapo ukiuvuka kwenda mashariki unarudi nyuma siku moja. Binti yangu aliyekuja kunipokea alikuwa amejiandaa kwa kesho yake, nikamsubiri sana pale uwanjani. Ndugu zangu, saa za kwenye tiketi ni za mji husika. Mpeni anayewapokea tarehe na saa ya kule mnakotua.

Mpenda Ramani: Dubai–Los Angeles, kama saa 16. Nilitazama skrini nikashangaa tunapanda kaskazini kabisa. Dunia ni duara, njia fupi hupita huko.

Kiti cha Dirishani: Na Singapore–New York je? Zaidi ya kilomita 15,000 bila kutua.

Bibi wa Mabegi: Nimeipanda hiyo, zaidi ya saa 18. Bado naichagua kuliko kuunganisha ndege. Niliwahi kuunganisha, ya kwanza ikachelewa, ya pili ikaniacha, nikalala uwanjani. Safari ikameza siku mbili. Ukilinganisha tiketi, hesabu mlango hadi mlango.

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Na huko kusini mwa dunia upepo huo upo?

Mpenda Ramani: Upo. Johannesburg–Sydney, kilomita 11,000 hivi: kwenda karibu saa 12, kurudi 14. Uelekeo uleule, unasukuma mashariki.