Naombeni ushauri: watoto wanachora mzunguko wa maji vizuri ila hawajauelewa

Mwl_wa_Vitendo:
Wakuu habari zenu. Nina darasa la watoto 48, miaka 9 na 10, wiki iliyopita nimemaliza mzunguko wa maji na nilijitahidi kweli niufanye kwa vikundi, vikundi 6 vya watoto nane nane, kila kikundi na beseni lake la maji ya uvuguvugu, kikombe katikati, juu tumefunika nailoni na kajiwe ili matone yadondokee kwenye kikombe, tukaacha juani. Walifurahi sana. Afu wakachora ule mchoro wa bahari, jua, wingu na mvua, mishale imezunguka safi kabisa.

Sasa juzi tumetoka nje, kulikuwa na dimbwi dogo juu ya sakafu ya saruji asubuhi, mchana limekauka. Nikauliza, yale maji yako wapi? Karibu wote wakasema yamezama chini. Kwenye saruji! Mmoja akasema jua limeyanywa. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka beseni. Imeniuma jamani, manake kwenye madaftari wote wana vema. Halafu tatizo lingine kila grupu wanaofanya ni wawili watatu, waliobaki wanatazama. Nirudie vipi bila kuwachosha?

ChakiNyeupe:
Pole mwalimu, ila usiliache hilo dimbwi, hilo ndo somo lenyewe. Mwaga maji sehemu tatu, kipimo kilekile kwa kizibo cha chupa, moja juani, moja kivulini, moja kivulini ila penye upepo. Wachore ukingo wa maji kwa chaki kila baada ya nusu saa, na kabla ya kwenda kuangalia kila mtoto aseme anategemea kukuta nini. Watakuta hata kivulini panakauka, ni kuchelewa tu. Hapo unapiga ile imani kwamba maji mpaka yachemke ndo yawe mvuke, na kwa kweli tunawapa wenyewe hiyo imani tukianza somo na sufuria jikoni.

Na watoto nane kwa kikundi ni wengi. Gawa wanne wanne, uwe na vikundi 12, mmoja anatabiri, mmoja anachora, mmoja anatunza muda, mmoja anasema mbele ya wenzake, na kesho wanabadilishana. Mtoto akijua zamu yake ya kusema inakuja ataangalia tu, hana ujanja.

Mzee wa Maabara:
Naunga mkono, niongezee kwenye beseni. Tia rangi ya chakula kwenye maji ya beseni. Matone yanayoshuka kwenye kikombe hayatakuwa na rangi, na hapo mtoto anaona kwa macho yake kwamba kinachopanda ni maji peke yake, chumvi na uchafu vinabaki chini, ndo maana bahari ina chumvi na mvua haina. Angalia pia kikombe kisielee kikapinduka, weka jiwe safi ndani yake, na nailoni uifunge kwa kamba kuzunguka beseni, ikiachia upande mmoja mvuke wote unatoka na mnasubiri bure.

Kingine, chupa ya maji baridi. Nje yake inatoka jasho, waulize matone yametoka wapi, watakwambia chupa inavuja. Wape ya pili yenye maji mekundu wafute wenyewe.

Mama wa Watatu:
Mimi sio mwalimu wa sayansi ila nafundisha kikundi cha watoto siku za mapumziko na mchezo wa dadu umetusaidia kuliko yote. Weka vituo, bahari, wingu, mto, barafu, udongo, maji ya chini ya ardhi, mmea, mnyama. Kila mtoto ni tone. Anarusha dadu, kwenye kila kituo kuna karatasi inayomwambia kila namba inampeleka wapi, na kila anapopita anaokota kokoto au shanga ya rangi ya kituo hicho. Siri iko kwenye karatasi ya bahari na ya barafu, namba 4 kati ya 6 zinasema baki hapohapo. Basi baada ya raundi kumi utakuta msongamano baharini, na kuna mtoto amekwama kwenye barafu analalamika toka mwanzo hajatembea, wakati wa kwenye wingu wanapita haraka.

Na ndivyo ilivyo, mvuke ukishapanda unakaa angani wastani wa siku 9 hivi, barafu inaweza kushika maji maelfu ya miaka. Mishale ya kwenye mchoro inamdanganya mtoto kwamba kila tone linazunguka raundi moja ileile kwa zamu.

ChakiNyeupe:
Hilo la mishale nimelipenda sana. Ukimaliza dadu, panga vizibo 100 mezani, viwe maji yote ya duniani. Kama 97 ni maji ya chumvi, vitatu vilivyobaki ndo maji yasiyo na chumvi, na viwili kati ya hivyo vitatu ni barafu. Waache wakitazame hicho kimoja kilichobaki, na hapo sehemu kubwa yake iko chini ya ardhi.

Mwl_wa_Vitendo:
Nimerudi wakuu. Leo tumefanya chaki na chupa. Vikundi vya wanne vimebadilisha kila kitu, kuna binti hajawahi kunyoosha mkono toka muhula uanze leo alikuwa mtunza muda, kila nusu saa anakimbia nje kabla sijamwambia. Ya kivulini penye upepo imekauka kabla ya ile ya kivulini pasipo upepo, wakabishana mpaka kengele.

Kwenye chupa nyekundu, kijana mmoja amefuta matone kwa kidole akapaka kwenye karatasi nyeupe, hakuna wekundu. Akafuta tena upande mwingine. Akaniangalia akasema, "Sasa mwalimu, yametoka wapi?" Nikashindwa kujua nimjibu palepale au nimwache.

Mzee wa Maabara:
Usimjibu. Kesho mpe chupa mbili, moja ya baridi na moja ya maji ya kawaida, uziweke mbele yake ukae pembeni.